Siku moja maishani mwangu: wodi ya watoto na somo la Daktari Cicely Williams

Saa 12:00 asubuhi. Naanzia kwa wauguzi wa zamu ya usiku, na swali langu la kwanza ni nani kakataa maziwa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hushukwa na sukari ya damu upesi, hasa alfajiri, ndiyo maana mwanzoni tunamlisha kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Wote wamekunywa, ila mmoja kalishwa kwa mpira wa puani.

Saa 2:00. Napita vitandani na wanafunzi wangu wa udaktari. Kuna mtoto aliyelazwa jana jioni: nywele zimepauka na zinang'oka kirahisi, ngozi ya mapajani inabambuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Mwanafunzi anakimbilia faili. Namwambia, "Muulize mama kwanza."

Mama anaeleza taratibu. Alipogundua ni mjamzito tena, alimwachisha huyu ziwa. Mtoto akapoteza hamu ya kula, akawa wa kulialia tu, halafu akaanza kujaa mashavu. Majirani wakampongeza, wakidhani kanenepa.

Naweka kidole gumba upande wa juu wa wayo, nabonyeza kwa sekunde chache, naachia. Shimo linabaki: ni maji, si unene. Mguu wa pili, vilevile. Kila mwanafunzi anatazama, na hakuna anayeuliza tena kwa nini nimemzuia mwenzao kufungua faili. Unyafuzi huu, utapiamlo wa kuvimba mwili, mama keshausimulia wote.

Saa 4:00. Darasani. Leo nafundisha kuhusu Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaika mwaka 1893 na kusomea udaktari Oxford wakati vita vya kwanza vya dunia vilipopunguza wanafunzi wa kiume, wanawake wakapata nafasi. Mwaka 1929 alitumwa Gold Coast, Ghana ya leo. Huko aliona watoto waliovimba kama huyu wetu, waliokuwa wakiishi kwa uji wa mahindi baada ya kuachishwa ziwa. Mwaka 1933 akaandika kuwahusu. Wakubwa wa fani wakabisha: hiyo ni pelagra tu, ugonjwa wa ukosefu wa niasini (vitamini B3). Mwaka 1935 akarudi katika jarida la Lancet na jina walilolitumia Waga wenyewe, watu wa eneo la Accra: kwashiorkor, huu unyafuzi wetu, ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa ziwa na mdogo wake.

Hapa huwa sina haraka. Kina mama wa Accra walikwisha kuunganisha ugonjwa na ujauzito unaofuata kabla Williams hajaandika mstari mmoja. Ukubwa wa Williams, kwangu, ni kwamba aliwasikiliza na kuwaamini. Hadi leo wataalamu wanajadili kwa nini mtoto mmoja huvimba na mwingine, kwa lishe duni ileile, hukonda tu. Lakini walichosema kina mama hao kuhusu kuachishwa ziwa bado kina uzito.

Saa 7:00 mchana. Kliniki. Foleni ndefu, vikohozi, chanjo.

Saa 10:00. Mwanafunzi anauliza kama tumpe mtoto dawa ya kukojoza ili uvimbe ushuke. Hapana, kabisa, inaweza kumuua. Madini ya chuma pia yasubiri, hayafai siku za mwanzo. Maziwa maalumu, joto, antibiotiki, na mama awe karibu.

Saa 12:00 jioni. Naandaa somo la kesho: hotuba ya Williams ya mwaka 1939 huko Singapore, aliyoiita "Maziwa na Mauaji", akiwashutumu wauzaji wa maziwa matamu ya kopo yaliyochukua nafasi ya ziwa la mama. Baadaye Wajapani walimfunga hadi 1945, na mwaka 1948 akawa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto cha Shirika la Afya Duniani. Kipindi kimoja hakitatosha.

Saa 1:00 usiku. Nakabidhi zamu. Kwa mama nimerudi mwenyewe kumweleza kwamba uvimbe ukianza kutoka uzito utashuka kwanza, asishtuke akiona mizani. Kikombe kinachofuata ni saa 2:00.