Namna nilivyomshawishi shangazi akubali kufanyiwa upasuaji wa vikope

Katika ushauri wote tuliopewa kuhusu macho ya shangazi yangu, hakuna uliotupotezea muda kama ule wa kwamba jicho likichonyota na kutoa machozi, dawa yake ni matone. Shangazi anaishi kijijini, wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma, na kwa miaka mingi macho yake yalikuwa mekundu, yakichuruzika machozi, hayastahimili jua wala moshi wa jikoni. Kwenye duka la dawa aliuziwa kichupa baada ya kichupa. Jirani yangu mmoja, aliyekuwa Dar es Salaam wakati wa mlipuko wa macho mekundu mwanzoni mwa mwaka 2024, alinihakikishia kwamba ni ugonjwa uleule na kwamba ungepita wenyewe. Zahanati moja tuliyokwenda ilitujibu kuwa ni uzee, tukarudi nyumbani.

Majibu hayo yaliniudhi kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumsikiliza mgonjwa. Macho mekundu ya virusi huanza ghafla, huambukiza nyumba nzima, kisha kwa kawaida hutulia baada ya wiki chache, hayakai miaka. Mtoto wa jicho hauumi wala hautoi machozi, bali huleta ukungu unaozidi polepole hadi mboni ikaonekana nyeupe. Presha ya macho mara nyingi hunyemelea kimya kimya na kumnyang'anya mtu uwezo wa kuona pembeni, isipokuwa ile ya ghafla inayokuja na maumivu makali ya jicho na kichwa, pengine na kutapika. Shangazi hakulalamikia lolote kati ya hayo. Yeye alisema kila siku jambo moja, kwamba kila akipepesa anahisi mchanga unamsaga jichoni, na kwamba hupata nafuu akishang'oa kope.

Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Katika pindo la khanga yake alikuwa amefunga kibanio kidogo cha chuma, na kila baada ya muda alimwita mjukuu mmoja mwenye macho makali amng'olee kope zilizogeukia ndani. Wanawake wengi wa rika lake pale kijijini wana vibanio vya namna hiyo, na waliokuwa wakimshauri walimsifia njia hiyo kuwa haina gharama. Ni kweli kwamba ukope ukitoka maumivu hupungua siku hiyo. Lakini huota tena, na ukianza kuota huwa mfupi na mgumu, hivyo huchoma kuliko ule mrefu uliong'olewa. Ukikatikia njiani ndiyo balaa zaidi, kwa kuwa kinachobaki ni kisiki ambacho kibanio hakikishiki. Niliwahi kumkuta ameketi nje ya nyumba, khanga ameifunika usoni, hawezi kufumbua macho, na kisa ni kope mbili tu zilizokatika siku chache kabla.

Nilimweleza kwamba tatizo hilo linatokana na ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, na kwamba tiba yake ni upasuaji mdogo wa kope. Alikataa katakata. Aliamini kuwa wangemtoboa jicho, na kwamba kinachomsumbua ni vumbi la kiangazi. Maneno yangu, hata niliporudia kwa upole na kwa heshima zote, hayakuingia.

Kilichomgeuza ni simu. Nilimketisha ndani, palipo na kivuli, nikamwomba atazame mbele bila kukodoa, kisha nikawasha tochi na kuielekeza jichoni kutokea upande wa sikio, si kutoka mbele. Hii ndiyo siri yenyewe: ukimulika kutoka mbele, jicho lote linang'aa na mgonjwa anafumba, lakini mwanga wa pembeni hufanya kope zionekane moja moja juu ya sehemu nyeusi ya jicho. Kijana wake akapiga picha kwa simu nyingine, nasi tukaikuza mpaka jicho likajaza kioo. Zilionekana waziwazi kope kadhaa fupi zimejipinda, ncha zake zimegusa jicho, na chini yake kioo cha jicho kina doa la rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji. Shangazi aliisogeza simu karibu na jicho lenye nafuu, akatazama muda mrefu, akauliza, "Mwanangu, hizi ndizo zinazonichoma?" Nikamjibu, "Ndizo, shangazi, na matone hayawezi kuzigeuza." Akaniuliza siku ya kwenda hospitali.

Muuguzi wa macho aliyempokea alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla: alilibinua kope la juu. Upande wa ndani, ambao kwa mtu mzima wa afya huwa laini na wa waridi, ulikuwa na mistari myeupe ya makovu. Alitueleza kwamba bakteria aitwaye Klamidia trakomatis humpata mtu tangu utotoni, akiambukizwa tena na tena kwa mikono, nguo na nzi wanaobeba tongotongo na makamasi. Makovu yanayoachwa hukaza kope na kulivuta ndani, nazo nywele zake hukwaruza jicho hadi linapofuka. Wanawake huathirika zaidi kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto wadogo, na watoto ndio wenye maambukizi mengi.

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa ganzi ya sindano kwenye kope, na alirudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa na bandeji na mafuta ya tetrasaiklini. Matibabu hayakulipiwa, fedha iliyotutoka ni ya nauli na chakula, na ilikuwa ndogo kuliko tuliyoimaliza kwenye vichupa. Nyuzi zilitolewa baadaye, jicho la pili likafuata. Lile doa halikuondoka, na muuguzi alisema mapema kwamba halitaondoka, ndiyo maana nawasihi wenye wazazi wanaong'oa kope wasingoje. Mchanga umekwisha. Shangazi anachagua mchele mwenyewe tena, jambo ninaloliona fahari kuliko yote niliyowahi kufanya katika ukoo huu.

Kuhusu yale matone, mwenye duka aliyauza kama "ya kuondoa wekundu". Mengine ya aina hiyo yana steroidi, ambayo hutuliza jicho kwa siku chache, lakini yakitumiwa muda mrefu bila usimamizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Soma kichupa, au kipeleke kwa mtaalamu.

Wajukuu nao walikaguliwa, na waliokutwa na maambukizi walipewa azithromaisini, dawa ya kuua bakteria hao. Watafiti waliofanya kazi Kongwa walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba watoto ambao nyuso zao huwekwa safi hupata trakoma kali kwa nadra zaidi, na kisingizio cha shida ya maji hakinitoshi, kwani kopo moja la maji likimiminwa kidogo kidogo linatosha nyuso za watoto kadhaa. Sasa kila nikifika kijijini, namkagua shangazi kwa tochi ya pembeni, kwa kuwa kope huweza kurudi kugeuka hata baada ya upasuaji. Majirani zake wawili wameniomba niwapige picha, na mmoja amekwisha kupangiwa tarehe.