Paleti ya kushoto imeitika

Jana jioni, baada ya majuma matatu ya kufungua na kufunga usukani uleule, nilishuka kutoka gia ya nne hadi ya pili ndani ya mzunguko wa barabara kwa kubonyeza paleti ya kushoto, kile kijiko kilicho nyuma ya usukani cha kushushia gia kwa vidole, na gari likaitika. Niliuzunguka mara tatu zaidi bila sababu yoyote, huku dereva wa teksi aliyekuwa nyuma yangu akinipigia honi, kwa kuwa ni mahali pa namna hiyo hasa, usukani ukiwa umekatwa kushoto, ambapo paleti hiyo ilikuwa ikininyamazia tangu nilinunue gari.

Ni gari dogo la michezo kutoka Japani, lenye milango miwili, usukani wa kulia na giaboksi otomatiki ya gia sita. Paleti ya kulia, inayopandisha gia, haikuwahi kunisumbua hata siku moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuilaumu kompyuta ya giaboksi. Kila anayetumia paleti anajua kwamba giaboksi hukataa kushusha gia iwapo kufanya hivyo kutaizungusha injini kupita kikomo chake, kwa hiyo niliamini kwamba nilikuwa nabonyeza mapema mno, nikaanza kukanyaga breki zaidi kabla ya kona. Niliyoyasahau yalikuwa masikioni mwangu muda wote: gari hili likikataa amri hutoa mlio mfupi, na mimi sikuwa nasikia mlio wowote. Kukataliwa na kutosikika ni mambo mawili tofauti, nami nilipoteza siku tisa kabla ya kuyatenganisha.

Hapo nikaazima kifaa cha kusomea makosa ya kompyuta, cha bei kubwa, chenye kioo cha rangi, nacho kikaniambia kwamba gari halina kosa lolote. Sikilaumu, ingawa sitakiazima tena kwa kazi ya namna hii: swichi ya paleti huwa wazi hadi ibonyezwe, kwa hiyo kwa kompyuta waya uliokatika na paleti isiyoguswa ni kitu kilekile. Nilisafisha swichi iliyojaa vumbi jekundu la kiangazi, kisha nikabadilisha swichi nzima. Uani iliitika kila mara, kwa sababu uani usukani ulikuwa umenyooka. Barabarani ikaninyamazia tena.

Fundi wa jirani, kijana ambaye mkono wake ninauheshimu, alinikatia shauri: “Yaya,” yaani mkubwa wake, “honi inalia na taa ya onyo ya mfuko wa hewa imezimika. Utepe ni mzima.” Alimaanisha ule utepe wa nyaya uliojiviringisha nyuma ya usukani, unaojikunja na kujikunjua kila dereva anapokata kona, na ambao hubeba umeme wa honi, wa mfuko wa hewa unaomkinga dereva kwenye ajali, na wa paleti. Nilimwamini, kwa kuwa hoja yake ilikuwa nzuri, ila ndani ya utepe huo kila njia ina waya wake mwembamba, na mmoja waweza kupasuka huku jirani zake wakiendelea na kazi.

Multimeta yangu ya tarakimu, kipimo cha umeme, haikuona kitu, kwa kuwa namba zake hubadilika polepole. Aliyeona ni mzee wangu wa mshale, kipimo cha zamani ambacho vijana hunicheka kwa kukitunza. Nilikifunga kwenye ncha mbili za waya wa paleti ya kushoto, nikamwomba mdogo wangu aukate usukani taratibu. Ulipopita robo mzunguko kuelekea kushoto mshale ukatetemeka, kisha ukaanguka. Tulirudia mara sita, na mara zote sita ukaanguka palepale.

Kuuunga utepe kwa risasi ya kulehemu sikukubali, wala kununua wa mtumba, kwa kuwa uhai wa mfuko wa hewa unapita humo. Nilingoja mpya. Nilitoa waya hasi wa betri, nikasubiri zaidi ya sekunde 90 zinazotakiwa na kitabu cha gari, kisha nikautafutia utepe mpya katikati yake kabla ya kuufunga, maana usipokuwa katikati utakatika siku ya kwanza utakapokata kona hadi mwisho.

Nilipokuwa nikiurudisha usukani nilimkumbuka Nigel Mansell, dereva wa Formula 1 aliyeshinda mbio za Brazil mwaka 1989 akiwa na Ferrari yenye paleti za mhandisi John Barnard, baada ya kusimama katikati ya mashindano ili abadilishiwe usukani mzima. Mafundi wake walimaliza kwa sekunde chache. Mimi nilitumia saa nne, na skrubu moja ikabaki mezani.

Nilikuwa nimepanga kubadilisha mafuta ya giaboksi Jumamosi na kuzirefusha paleti kwa vipande vya alumini. Vyote vimeahirishwa. Sasa nataka taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi, itakayowaka kila amri ya paleti inapofika kwenye kompyuta, ili nikiwa barabara ya Likasi, huku Kongo ambako magari hupita kulia, nyuma ya lori la shaba, nimeketi upande usioona mbele, nijue gia ya tatu imeombwa kabla mdogo wangu hajaniambia, “Pita.” Waya nimeshauchagua. Skrubu bado sijajua ilikotoka.