Usomaji wa Kwanza wa Tamthilia ya Saada

Tamthilia ya muziki ya watoto haiwezi kupimwa ikiwa bado imo karatasini, kwa sababu nyimbo zake hazina uhai mpaka zitoke kinywani mwa mtu, na watoto hawana desturi ya kumsitiri mwandishi. Ndiyo maana, kabla ya kufikiria mavazi, jukwaa au mazoezi ya ngoma, tuliisoma tamthilia yetu mpya kwa sauti katika kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba moja ya mawe hapa Lamu, mbele ya watoto wa mtaani na wazazi wachache.

Kisa chenyewe kinatoka katika habari za Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya pwani, ambazo Muhamadi Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913. Sisi tulichukua sehemu moja tu, ile ya gerezani. Liyongo amefungwa pingu, mama yake anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi, yaani mtumwa wa kike, aitwaye Saada, na walinzi hukila kila kilicho kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Basi mama anaoka mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, anatia ndani yake tupa, chombo cha kukerezea chuma, na walinzi wanaudharau mkate huo na kuupitisha. Kisha watu wanacheza ngoma ya gungu nje ya gereza, na mshindo wa matoazi, vigoma na baragumu la siwa unafunika sauti ya tupa inayokereza chuma. Sijui kisa kingine cha pwani kinachofaa zaidi kuimbwa, kwa kuwa hapa muziki si pambo la hadithi: pasipo muziki, mfungwa hatoki.

Usomaji ulikuwa wa kawaida kabisa. Wasomaji waliketi na karatasi mikononi, mmoja wao akisoma maelezo ya jukwaa, na mpiga udi akiongoza nyimbo kwa sauti ya chini. Niliwaomba wasiigize. Mwigizaji hodari huweza kuuokoa mstari dhaifu kwa macho na mabega yake, na katika hatua hii mwandishi anahitaji kuujua mstari dhaifu ulipo. Mimi nilikaa pembeni, nikiwatazama watoto badala ya wasomaji, na kila walipoanza kugeuka, kunong'ona au kuvutana kanzu nilitia alama kwenye ukurasa.

Alama nyingi ziliangukia wimbo wa mama. Ni wimbo mzuri, na wazazi waliupenda sana, lakini ulisimamisha kisa ili mama aeleze huzuni ambayo watoto walikwisha kuiona. Wimbo wa mkate, kinyume chake, uliwashika tangu ubeti wa kwanza, nao tuliutunga kwa kipimo cha utenzi, mizani minane katika kila mstari:

Saada beba mkate,
walinzi wasiukate,
ili Fumo aupate,
kwa tupa akate pingu.

Watoto waliitikia mstari wa mwisho bila kuombwa, kama wanavyoitikia kaswida madrasani, na ulipofika ubeti wa tatu walikuwa wakiusema kabla ya msomaji. Nimejifunza hapo jambo ambalo nitalishikilia katika marekebisho yote: kila wimbo uwe na kazi ndani ya kisa, na ule ambao ukiondolewa hakuna kinachobadilika uondolewe, hata ukiwa mtamu. Wimbo wa mama sasa utaimbwa akiwa anakanda unga na kuificha tupa, ili huzuni na hila viende pamoja.

Kuhusu lugha, tumekubaliana kwamba mazungumzo yabaki katika Kiswahili sanifu, kwa kuwa tunatamani watoto wa Malindi na Mombasa nao wayafuate bila taabu, na baadhi ya nyimbo ziwe za Kiamu, lahaja ya hapa Lamu. Mzazi mmoja alitaka tamthilia nzima iwe ya Kiamu. Namwelewa, na sioni kwamba amekosea. Nadhani tu kwamba wimbo huibeba lahaja mbali zaidi kuliko mazungumzo, kwa sababu mtoto huukariri kwanza na maana yake humjia baadaye.

Urefu ulijipima wenyewe. Tulianza baada ya alasiri na ilitupasa kumaliza kabla ya magharibi, na mpaka huo naupenda, kwa sababu ndio tutakaokuwa nao siku ya maonyesho. Shabaha yetu ni uwanja wa ndani wa Ngome ya Lamu, jengo ambalo lenyewe lilikuwa gereza hadi mwaka 1984, na ambalo kuta zake zitawaeleza watoto habari za kufungwa kuliko pazia lolote tutakalochora.

Lakini swali lililotushughulisha kuliko yote lilikuja mwishoni. Matini yetu ilikomea pale Liyongo anapotoka, kwa kuwa habari za kifo chake kwa sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe tuliona zingoje watoto wakue. Msichana mmoja akauliza: "Na Saada je, yeye alitoka?" Hakuna mtu mzima aliyemjibu haraka. Baadhi ya wazazi walipendekeza tumfanye Saada kuwa jirani au mpwa, ili swali lisizuke tena. Mimi siliafiki hilo. Utumwa ulikuwapo katika mji huu, na hapa pwani ya Kenya haukufutwa kisheria ila mwaka 1907. Mtoto anayeweza kuuliza swali lile anaweza pia kuelezwa ukweli, kwa maneno ya umri wake. Aliyeupitisha mkate mbele ya walinzi ndiye aliyejihatarisha zaidi, naye hakuwa na nguvu za Liyongo za kujitetea.

Kwa hiyo tamthilia haitakomea tena kwenye pingu za Liyongo. Tunaandika wimbo wa mwisho ambao Saada anadai uhuru wake mwenyewe mbele ya watu wote waliokuja kucheza gungu, na sauti yake tunaitafuta katika vugo, ngoma ya wanawake inayochezwa kwa kugonga pembe kwa vijiti. Beti mbili ziko tayari. Usomaji wa pili utafanyika shule zitakapofungwa, na yule msichana nimemwomba asome maneno ya Saada.