Bega la Kushoto

Kila aliyekuja kuniona baada ya upasuaji aliuliza habari za moyo. Unapiga vizuri? Kizunguzungu kimeisha? Nami nilijibu kweli kabisa kwamba moyo hauna neno. Lakini bega la kushoto, kuanzia kwenye mtulinga hadi kwapani, lilikuwa likiniuma usiku na mchana, na hilo hakuna aliyeliuliza.

Ilikuwa mwaka 2022. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo huku Free Area, Nakuru, na kazi yangu ni ya kusimama mikono ikiwa juu. Nilianza kwa kuishiwa pumzi, kisha nikawa nazirai. Siku niliyoanguka mbele ya wateja walinikimbiza hospitali, na kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha mapigo yameshuka chini ya 40 kwa dakika. Daktari alinieleza kwamba umeme unaoanzia vyumba vya juu vya moyo ulikuwa haufiki vyumba vya chini, kwa hiyo vya chini vinajipigia vyenyewe, polepole. Vidonge vya kutibu hali hiyo havipo. Ni kuwekewa pesimeka, kifaa kidogo cha betri kinachoupa moyo umeme ili upige sawasawa.

NHIF ililipa sehemu, na iliyobaki ikatoka kwa harambee. Chama chetu, kanisa, wateja, hata makanga wa steji yetu walituma mia mia kwa M-Pesa. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo baadaye. Mtu aliyetoa mia yake ya unga ili uishi, akikuuliza kama umepona, anangoja kusikia ndiyo. Unaanzia wapi kumwambia kwamba unalala umekaa?

Upasuaji wenyewe sikuuogopa kama nilivyodhani. Ganzi ilichomwa pale pale chini ya mtulinga, nami nikawa macho, nikihisi kusukumwa na kuvutwa bila maumivu. Nyaya hupitishwa ndani ya mshipa mkubwa wa damu hadi moyoni, kisha kifaa hulazwa kwenye kimfuko kinachotengenezwa kati ya ngozi na msuli wa kifua. Changu ni kidogo kuliko kiberiti, uzito wake gramu 30 hivi. Nilitoka na kadi ya kifaa na masharti: kwa wiki 6 nisiinue kiwiko kupita bega, nisibebe kizito, nyaya zisije zikachomoka kabla hazijashika. Simu isikae mfuko wa kifuani, iwe mbali na kifaa angalau sentimita 15. Nilifuata yote. Kuhusu siku inayofuata baada ya hizo wiki 6, karatasi haikuwa na neno, wala hakuna aliyeniambia.

Kidonda kilifunga vizuri, maumivu yakabaki. Na hayakuwa ya aina moja. Kulikuwa na yale ya juu, makali, penye ukingo wa kifaa. Nikipitisha kidole niliusikia ukingo huo chini ya ngozi, na ngozi ya hapo ilikuwa haitaki kuguswa. Kamba ya sidiria ilipita hapo hapo. Mkoba hapo hapo. Nikipanda matatu nikakaa mbele karibu na dereva, mkanda unatoka upande wa mlango na kushuka juu ya bega la kushoto, moja kwa moja kwenye kovu. Nikawa natembea na leso iliyokunjwa mara nne, naisukuma chini ya mkanda kabla gari halijaondoka. Dereva mmoja aliniuliza kama nimeficha pesa. Nikamwonyesha kovu, akanyamaza, akaendesha taratibu hadi mjini.

Maumivu ya pili yalikuwa ya ndani, mazito, yakija usiku. Nikijigeuza upande wa kushoto naamka nimeshika mkono. Na kwa kuwa ni kushoto, kila mara nilijua moyo ndio unakwisha. Nilikuwa nakaa kitandani gizani nikijipima mapigo shingoni, nikihesabu, yako sawa, nahesabu tena.

Mama mkwe, aliyekuja kunikalia, alikuwa akinipikia uji na kunisugua mgongo kwa maji moto. Nikiguna anasema, "Mshukuru Mungu, mwanangu. Umeonewa huruma." Alisema kwa mapenzi, na nilishukuru kweli. Shemeji yangu mwalimu naye alinisimulia habari za Arne Larsson wa Uswidi, mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hiki mwilini, mwaka 1958. Cha kwanza kilimkatikia baada ya saa chache, akabadilishiwa tena na tena, vikafika 26, na akaishi hadi 2001, akafa akiwa na miaka 86. Habari hiyo ilinipa nguvu. Nilitamani tu ingeeleza pia alilalaje usiku.

Wiki ambayo shule zilikuwa karibu kufunguliwa, saluni ilijaa watoto wa kusukwa mistari. Msaidizi wangu alizidiwa, nikachukua kitana. Kichwa kilikuwa cha msichana wa darasa la pili hivi, nywele laini, kazi ndogo tu. Nikagawanya mstari wa kwanza kwa mkono wa kulia, kisha mkono wa kushoto ukakataa. Haukuwa uchungu peke yake. Uliinuka hadi usawa wa kifua ukagota, kana kwamba kuna mtu ameushika kwa nyuma. Jasho likanitoka. Mtoto akageuka kuniangalia.

"Aunti, wacha, nitamalizia," msaidizi akasema. Jioni, tukifagia, aliongeza kwa sauti ya chini, "Lakini aunti, hilo bega linakuuma tangu lini?"

Nikalia. Kesho yake akanisindikiza kliniki.

Daktari niliyemkuta hakuniambia ni kawaida. Alinifungua blauzi, akaangalia kovu na kulibonyeza pembeni, akauliza kama nimepata homa, kama pamewahi kuwa pekundu, kuwa moto au kutoa maji, maana kimfuko kikiingia vijidudu si jambo la kungoja. Hapakuwa na kitu. Akanituma eksirei, nyaya zilikuwa mahali pake. Akaweka kifaa cha kusomea juu ya kifua, akaangalia betri na jinsi moyo unavyoitikia, vyote salama. Halafu akasema, "Mama, inua mkono." Ukaishia pale pale. Akaushika yeye mwenyewe na kuuinua, nao ukamkatalia vile vile.

"Bega limekakamaa," akasema. "Limekaa muda mrefu bila kusogezwa, utando unaolizunguka umejikaza. Moyo wako hauna hatia."

Sijui kama alielewa alichonipa kwa maneno hayo. Usiku huo nililala bila kujipima mapigo.

Mazoezi yalikuwa magumu. Kijana wa fiziotherapia alinisimamisha mbele ya ukuta, vidole vitembee kupanda kidogo kidogo, na pale vinapogoma, niweke alama ya penseli. Nyumbani nikachora kwenye ukuta wa jikoni. Kuna wiki nzima alama haikupanda, hasa Julai, baridi ya Nakuru ilipoingia mifupani. Dawa ya maumivu nilimeza kabla ya mazoezi, kama alivyoshauri, na kitambaa cha moto baadaye, lakini begani, si juu ya kifaa. Kwa lile la juu, la ukingoni, daktari aliniambia neva ndogo za ngozi hukatwa wakati wa upasuaji na huchukua muda mrefu kutulia. Nikanunua sidiria za kamba pana. Bado hapo huniwasha na kunichoma siku nyingine.

Mkutano wa chama uliofuata, walipouliza kama nimepona, niliwaambia yote: moyo mzima, bega bado, na kwamba nilikuwa naona haya kulalamika mbele ya watu walionichangia. Mweka hazina akanikatiza. "Kwani sisi tulichangia moyo peke yake?"

Kisha akauliza la maana zaidi kwao: nitaweza kuwasuka lini? Nikawaambia fundi amenikatia miguu ya kiti cha wateja, wakae chini nami nisuke mikono ikiwa usawa wa tumbo. Mistari naiweza. Rasta ndefu, waende kwa msaidizi.