Babu Alikuwepo?

Mwaka 2009 nilikuwa nafundisha Historia darasa la sita, wilayani Kongwa. Siku hiyo tulikuwa kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Niliandika ubaoni kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe utotoni: ulianza 1947, ukafungwa 1951, ulishindwa kwa sababu ya uhaba wa mvua. Watoto wakanakili. Kijana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona bibi yangu analima karanga hapa hapa, na anavuna?"

Wenzake wakaguna wakingoja afokewe. Mtaala wa 2005 ulitutaka tumshirikishe mwanafunzi, ila semina haikutufundisha la kufanya akishiriki kwa kuubishia ubao. Nikamwuliza bibi analima kiasi gani. Nusu ekari. Nikawaambia Waingereza walipanga zaidi ya ekari milioni 3, nyingi Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, maana baada ya vita mafuta ya kula kwao yalikuwa ya mgawo. Nikawatuma kwa wazee: kwa nini bibi anavuna, wao wakashindwa?

Walirudi na mengi. Matrekta yaliharibika, mibuyu iligoma kung'oka, na udongo wa Kongwa mvua ikikatika unakuwa kama saruji. Hilo la udongo tulilijaribu wenyewe. Ilikuwa Agosti, tukaenda na jembe nyuma ya darasa, lilidunda. Mjukuu wa bibi akaeleza kwamba kwao karanga hung'olewa kwa mkono ardhi ikiwa bado na unyevu, ukoo mzima ukishuka shambani. Akatazama jembe, akasema maelfu ya ekari huwezi kuyawahi.

Kisha mwingine akasimama kwa majivuno: babu yake aliwaona kwa macho yake Wazungu wakiwapuuza wenyeji waliowaonya.

"Babu yako ana miaka mingapi?" akauliza binti mmoja wa dawati la nyuma.

"Sitini."

Binti akapiga hesabu nyuma ya daftari. "Mradi unafungwa alikuwa na miaka miwili. Aliona nini?"

Darasa lililipuka. Kwetu neno la mzee halitiliwi shaka hadharani, na yule kijana alikuwa karibu kulia. Nilitamani kuingilia, nikajizuia. Niliuliza tu kama babu tumfute ubaoni. Wakabishana hadi kengele ikagonga.

Kesho yake kijana alikuja mapema. Babu amesema alihadithiwa na baba yake, aliyekuwa kibarua wa kufyeka pori mradini. Nikaugawa ubao: walioona upande huu, waliosimuliwa upande ule. Binti akashikilia babu akae kwa waliosimuliwa. Kijana akakubali, mradi baba wa babu aandikwe kwa walioona. Hapo mtoto mwingine, ambaye kwa kawaida hata jina lake huitika kwa shida, akasema kibarua aliyepoteza kazi anaweza kumsema vibaya tajiri wake. Sikuwa nimelifikiria hilo. Tukaliandika pembeni, pamoja na swali la nani mwingine wa kuulizwa.

Mwalimu mwenzangu aliyepita dirishani alinikumbusha kwamba mada hiyo ni ya kipindi kimoja na mimi nimekula vitatu. Kweli kabisa.

Binti yule akabaki na lake. Mtihani ukileta swali hili, na kwenye herufi za kuchagua kuna mvua tu, ajaze nini?

"Jaza mvua. Si uongo."

"Ila halitoshi, Mwalimu," akasema, akafunga daftari.