Kumbukumbu ya mradi wangu: maneno marefu ya Kiingereza, wiki ya sita

Daftari limefika maneno 140. Kila neno nalikata silabi, natafuta mkazo unakaa wapi, kisha nalitamka kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Kazi hii naifanyia barazani, hapa Shangani, Mtwara, jua likishapoa.

Wiki hii nimepata jambo lililonifurahisha mno. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: ko-RO-sho, Mi-ki-NDA-ni. Ukiongeza -ni unahama: SO-ko, so-KO-ni. Hata kwenye "mtu", ile m ndiyo inayobeba mkazo. Kumbe maneno ya Kiingereza yanayoishia na -tion au -ic mengi yanapita njia hiyohiyo: e-du-CA-tion, e-co-NO-mic. Miaka yote nimekuwa nikiyapatia bila kujua sababu! Yapo yaliyogoma, kama PO-li-tics, nayo nimeyatengea ukurasa wake.

Shughuli iko kwenye -ity na -graphy. Hapo mkazo unarudi mpaka silabi ya tatu kutoka mwisho. Jumanne jioni nzima imeishia kwenye umeme: e-LEC-tric, halafu e-lec-TRI-ci-ty. Mdomo wangu ukawa unakazia "ci" kila mara. Mpwa wangu wa kidato cha pili akasema, "Mjomba, piga kofi ukifika kwenye mkazo." Tukapiga makofi wote wawili mpaka likakaa. Tukaendelea na PHO-to-graph, pho-TO-gra-phy, pho-to-GRA-phic. Ukoo mmoja, na kila ndugu ana mkazo mahali pake. Napenda sana maneno haya.

Kwenye kukata nilikuwa nakosea kwa kuhesabu irabu zilizoandikwa. "Comfortable" ina nne, lakini wengi hutamka silabi tatu tu. Sasa nahesabu zinazosikika. Na isiyo na mkazo humezwa: sisi tukisema abiria wanabanana kwenye daladala, a zote zinasikika wazi, Mwingereza akitaja ndizi, "banana", ni a ya katikati pekee inayotoka kamili. Hili bado linanisumbua, maana Kiswahili hakijanizoesha kumeza irabu.

Kesho naanza yanayoishia na -ee, ambayo mara nyingi mkazo huangukia silabi ya mwisho kabisa: em-ploy-EE. Nimeshakusanya tisa.