Usiku Mbwa Wetu Alipomkamata Kalunguyeye

Niliamshwa usiku wa manane na kilio cha mbwa wetu, kilio chembamba cha mnyama anayeumia na bado hataki kuachia. Nilitoka na tochi nikamkuta kando ya rundo la magogo, pua inachuruzika damu, anabingirisha kitu cha mviringo kwa makucha. Alikuwa kalunguyeye.

Mpaka usiku ule niliamini miiba inamtosha. Jioni nyingi nilimwona akipita kando ya ua, akinusanusa ardhi kutafuta mende, majongoo na konokono, na akisikia hatua za mtu alijikunja papo hapo. Ana msuli uliozunguka mwili, unaokaza ngozi kama kamba inavyofunga mdomo wa mfuko, kichwa na miguu vikabaki ndani. Ila kinga hiyo humfaa pale tu adui anapochoka, na mbwa wetu alikuwa hajachoka. Bundi wakubwa ndio kabisa: kucha zao ndefu hupenya katikati ya miiba.

Nilimfunika kalunguyeye kwa taulo nene nikamweka kwenye boksi. Mguu wa nyuma ulikuwa umechanika. Asubuhi daktari wa mifugo alisafisha kidonda, akamchoma sindano, akanionya kuhusu nzi, maana hutaga mayai kwenye jeraha na funza wakamla mnyama angali hai. Kisha akamchunguza tumboni, akanyamaza kidogo.

“Huyu ananyonyesha,” akasema. “Lazima arudi leo leo.”

Moyo ulinishuka. Watoto walikuwa kwenye yale magogo, na mimi ndiye niliyemwachia mbwa bustani nzima usiku kucha.

“Baba, tuyafunue tuwaone?” binti yangu aliniuliza tulipofika nyumbani. Nilimkataza kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Mama akisumbuliwa kiotani anaweza kuwatelekeza wanawe, hata kuwala.

Kwa hiyo tulifanya kazi kuzunguka rundo bila kuligusa. Tulisimamisha wavu wa waya kwenye vigingi, tukapanga mawe mazito chini yake ili mbwa asichimbe. Juu tulilaza matawi yenye miiba kwa ajili ya bundi. Tuliacha tundu moja tu, sentimita 13 kwa 13, na mbele yake ubao uliosimama wima, anayeingia akate kona. Mguu wa mbwa au paka hauwezi kukata kona hiyo. Tuliweka maji kwenye kisahani. Binti alitaka kuweka maziwa, lakini maziwa ya ng'ombe huwaharisha. Mbwa naye, tangu siku hiyo, giza likiingia analala ndani.

Jioni nilimweka mama mbele ya tundu. Alikaa amejikunja kwa muda mrefu mno, sisi tumechuchumaa mbali, tochi imezimwa. Hatimaye pua ikachomoza, ikanusa huku na huku. Akajikokota, akapinda kwenye ubao, akatoweka.

Zilipita wiki kadhaa. Usiku mmoja binti alinishika mkono akaninong'oneza nisitikisike. Mama alikuwa akitoka kwenye tundu, bado anachechemea, na nyuma yake watoto wanne wamejipanga mstari. Ndani ya nyumba mbwa alikuwa ameegemeza pua kwenye kioo cha dirisha, anawatazama.